Walivuka Mto Pangani kufuata pikipiki, wakarudi na tangi

Kivuko cha Pangani hakina haraka. Husubiri gari la mwisho, bodaboda wa mwisho na mama mwenye ndoo yake ya samaki, ndipo kigeuke kuelekea Bweni, ng'ambo ya mto. Jumamosi moja asubuhi, kati ya abiria walikuwamo mwalimu wa sekondari kutoka Tanga mjini na binti yake wa darasa la sita. Baba alikuwa na laki sita kwenye mfuko wa ndani wa koti. Mkewe alikuwa amezihesabu mara mbili kabla hazijatoka nyumbani. Binti alibeba kikapu chenye tochi, sumaku iliyoviringishwa kitambaa, chupa tupu na spana mbili.

Walikuwa wanafuata pikipiki. Si zile mpya za bodaboda zinazopangwa mbele ya maduka, bali Honda CG125 ya miaka mingi, iliyokuwa imelala bandani kwa mzee mmoja wa Bweni. Baba mzazi wa mwalimu, bwana shamba enzi za uhai wake, alizunguka vijiji vya Pangani kwa pikipiki ya aina hiyo hiyo, na mwalimu alijifunza milio ya gia akiwa amepakatwa mbele, mikono juu ya tangi. Aliposikia kwamba rafiki wa marehemu anauza ya kwake, usiku huo hakulala. Mkewe alilala vizuri tu, lakini asubuhi alitoa sharti: ndani ya laki sita hizo mna ada ya muhula ujao ya kaka mtu. Pikipiki ikionekana ni ya kuwasumbua, hela irudi kama ilivyoondoka.

Ukitoka Tanga kwa barabara ya pwani unapita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, halafu Kigombe na wavuvi wake, na katikati ni mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke. Zao hilo lilianzia huku huku. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani, na kutokana na hiyo michache mashamba yakaenea mkoa mzima.

Pangani yenyewe ni mji mkongwe. Pembe za ndovu na watumwa vilipitia hapa, na mwaka 1888 hapa ndipo yalipoanza mapambano ya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Leo ni mji mtulivu wa nyumba za chokaa na milango ya kuchonga, na kila palipo na chuma pana kutu. Bawaba zimevimba. Mabati yamegeuka mekundu. Mwenyeji hashangai, maana upepo wa bahari huleta chumvi mchana na usiku.

Lakini kutu ya nje ni ya kuonekana, na brashi ya chuma na rangi huitosha. Inayomtia hasara mnunuzi wa pikipiki kuukuu ni ya ndani ya tangi, na hiyo haihitaji hata bahari iwe karibu. Tangi likiachwa na mafuta nusu, nusu nyingine ni hewa. Mchana jua likipiga, hewa hutanuka na kutoka kwenye kitundu cha kifuniko. Usiku tangi likipoa, huingia hewa mpya yenye unyevu. Unyevu huo hufanya matone kwenye bati kama yale ya nje ya glasi ya maji baridi, kisha matone hutiririka na kutua chini kabisa, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Huko chini, kwenye mshono wa bati na kuzunguka koki, kutu huanza kula kimyakimya.

Koki nyingi za pikipiki za zamani zina njia mbili ndani ya tangi: mrija mrefu wa matumizi ya kawaida na tundu la chini la riziva. Ndiyo maana pikipiki inaweza kwenda vizuri wiki nzima, halafu siku dereva akigeuza riziva ianze kukohoa. Imeanza kunywa matope ya chini. Unga huo ukifika kwenye kabureta hukuta vitundu vyembamba kuliko sindano ya kushonea. Kimoja kikiziba, injini inazima, na haichagui mahali: inaweza kuzima uani, na inaweza kuzima katikati ya barabara, mtoto amekaa nyuma na lori linakuja. Mafundi wengi husafisha kabureta wakaliacha tangi, na mteja hurudi baada ya siku mbili akidhani ameuziwa kabureta mbovu.

Mzee wa Bweni aliwapokea chini ya mwembe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu ndiye mjukuu wangu?"

Binti akaamkia, akaitikiwa, chai ikaja, na habari za marehemu zikachukua nafasi yake kwanza, kama inavyostahili. Hapo ndipo ugumu wa safari ulipojitokeza. Kumkagua muuzaji wa mnadani ni rahisi, lakini mtu aliyekuona ukiwa na meno ya maziwa, unachomoaje sumaku mbele yake? Mwalimu alikizungusha kikombe mpaka chai ikapoa. Mzee ndiye aliyemsaidia. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mkonge, ameshinda na korona, ile mashine ya kukamua majani, kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

"Kagua, mwanangu," alisema. "Ukiona haya hapa, itakuzimikia Kigombe, na mimi sitakuwepo."

Pikipiki ilikuwa nzima kuliko walivyotegemea. CG125 ilianza kutengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo na hukosa matunzo. Injini yake ni rahisi, haina mbwembwe, na mnyororo umefunikwa wote kuzuia vumbi. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, kwa hiyo bodaboda nyingi za leo ni wajukuu zake, na fundi wa mtaani hashangai akiifungua. Kadi ilikuwepo, jina ni la mzee mwenyewe, namba za fremu na injini zikalingana na za kwenye kadi. Likabaki tangi.

Walifungua kifuniko, wakanusa. Petroli iliyozeeka hutoa harufu kali ya vanishi, nayo ilikuwepo kwa mbali. Binti akawasha tochi. Tochi, si kibiriti, na asiwepo mwenye sigara karibu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unaweza kubaki ndani ya tangi linaloonekana kavu. Juu kulikuwa na vumbi la rangi ya machungwa, la kawaida. Chini kulikuwa na magamba.

Ikafuata sumaku. Waliipitisha nje ya tangi polepole, ndani ya kitambaa chake ili isikwaruze rangi. Ikashika kila mahali ila pamoja, upande wa kushoto, ambako iliteleza kama iko juu ya ubao. Hapo pana fila, ule udongo wa mafundi rangi, ambao huweza kuficha tundu. "Hapo niliangukia jiwe," mzee alisema kabla hajaulizwa. Kisha wakalegeza boliti na kuliinua tangi, maana sehemu ambayo wanunuzi wengi hawaitazami ni chini yake, kwenye mgongo wa fremu, ambako matope na maji hukaa bila kuona jua. Rangi ilikuwa imetoa malengelenge mawili kwenye mshono.

Mwisho wakamimina petroli safi nusu lita, wakalitikisa tangi, wakaitoa kwenye chupa na kuiacha itulie. Baada ya dakika kama kumi ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na mchanga mwekundu umekaa chini. Binti aliitazama chupa, akamtazama baba yake. Mwalimu aliona muhula mzima wa ada umelala kwenye kitako cha chupa hiyo.

Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akaeleza. Wajukuu zake walipofikia umri wa kuchezea funguo, aliogopa. Akatoa mafuta yote, akafunga kifuniko, akaiegesha. Alifanya hivyo kuwalinda, na watoto wakapona kweli. Ila tangi tupu ni hewa tupu, na misimu kadhaa ya masika ya Pangani ilipita juu yake.

Hapa mzazi mwenye pikipiki ya kulaza hana sababu ya kuchagua kati ya mtoto na bati. Akishatoa mafuta, amimine kikombe cha oili ya injini, aligeuze tangi pande zote mpaka bati lote lilowane, afunge, kisha achomoe plagi na kuficha funguo. Na petroli iliyotolewa isiwekwe kwenye chupa ya maji au ya soda iliyobaki na sura yake. Mtoto hunywa kilicho kwenye chupa anayoijua. Akishakunywa, asitapishwe, maana mafuta yakiingia mapafuni ndiyo hatari yenyewe. Apelekwe hospitali mara moja. Ile chupa ya Bweni ilimwagwa ndani ya dumu la mzee la kuoshea vyuma, kisha ikatobolewa palepale.

Bei ya mzee ilikuwa laki tano na nusu. Mwalimu hakutaka kumkatisha tamaa, na hakutaka kumdanganya mkewe. Akatoa wazo ambalo mzee alilicheka kwanza, kisha akalikubali: aache laki moja, aondoke na tangi peke yake. Likipona, atarudi na iliyobaki. Lisipopona, tangi litarudi Bweni na hela itarudi Tanga.

"Lisipopona, nitakata elfu ishirini ya chai," mzee akasema. "Na likipona, lete nne na nusu jumla. Kazi utakuwa umeifanya wewe."

Waliliosha hapo hapo kwa maji ya moto na sabuni ya unga, wakatikisa na kumwaga mara nyingi, mpaka harufu ya petroli ikaisha. Hilo lina faida mbili: halileti hatari ndani ya gari la abiria, na dawa yoyote ya kutu haipenyi palipo na mafuta. Kwenye daladala ya kurudi Tanga konda aliliangalia tangi lililopakatwa na binti, akauliza kama nalo lina nauli ya mwanafunzi.

Mama alifungua mlango, akawatazama wote watatu. "Mmeenda kununua pikipiki, mmerudi na kibuyu."

Siku tatu zilizofuata tangi hilo lilikaa uani. Njia waliyochagua ni siki ya kawaida ya dukani, kwa sababu inapatikana, haina moshi wa sumu, na mtoto akirukiwa na tone hatapata kidonda. Walitoa koki, wakaziba tundu lake kwa kipande cha bati na mpira uliokatwa kutoka tairi la ndani la baiskeli, wakatia nati 40 za kukwangulia, kisha wakajaza siki mpaka juu kabisa. Tangi kama hilo linameza lita kama 10. Wapo wanaotumia molasi iliyochanganywa na maji, ile wanayopewa ng'ombe. Inafanya kazi vizuri sana, lakini inataka wiki mbili na pua ya kustahimili. Wapo pia mafundi wanaomimina maji ya betri. Kutu inatoka haraka, na bati nalo linaliwa haraka, na asidi ile ikimfikia mtoto machoni hakuna tena habari ya pikipiki.

Kila jioni baada ya mazoezi ya hesabu binti alilitikisa tangi hesabu ya mia, akaligeuza upande mwingine. Kelele zake zilimleta jirani ukutani mara mbili. Siku ya tatu siki ilitoka nyeusi kama kahawa, na ndani bati lilikuwa la kijivu, safi. Nati zilizotoka zilikuwa 39. Binti alizihesabu tena, kwa kuwa aliziandika kwenye daftari wakati wa kuziingiza, na jibu likawa lile lile. Ya 40 ilikuwa imejibanza kwenye kona, pale tangi linapopanda juu ya fremu, na kuitoa kulichukua karibu saa nzima ya kupindua na kupiga makofi kama wanaomtoa mtoto mwiba wa samaki.

Baada ya siki ndipo watu wengi huharibu. Bati lililotoka kwenye asidi liko uchi, na likiachwa na unyevu linarudi kuwa jekundu ukiwa unalitazama. Mama alitoa magadi yake ya kupikia maharage, yakayeyushwa kwenye maji na kuzungushwa ndani kuua ukali wa siki. Tangi likasuuzwa, likapulizwa kwa draya ya nywele mpaka likawa la moto mkononi. Draya yenyewe wasingethubutu kuikaribisha pale kama kungekuwa na harufu yoyote ya petroli.

Kabla ya kutia oili waliliingiza gizani, binti akaweka tochi ndani. Kwenye mshono, mahali pa lengelenge moja, ikaonekana nyota. Ndogo kama ncha ya pini.

Ndivyo kutu ilivyo: wakati mwingine yenyewe ndiyo iliyokuwa imeziba tundu. Aliyesafisha halikuchimba yeye, amelifunua tu, na ni heri lifunuke uani kuliko lifunuke juu ya injini ya moto. Lakini mwalimu alikaa kwenye ngazi akishika kichwa. Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili alisema alete, ni kazi ya dakika tano. Mama akakataa kabla mumewe hajafungua mdomo. Tangi lililowahi kubeba petroli, hata likioshwa, si kitu cha kusogezea moto wa kuchomelea. Mvuke uliojificha kwenye mshono unatosha kulipua.

Alikwenda badala yake kwa mzee anayetengeneza vibatari na makarai sokoni. Huyu hachomelei, analehemu: chuma kinapashwa moto kwenye mkaa mbali na tangi, kisha ndicho kinacholetwa kuyeyusha risasi juu ya tundu. Hata hivyo alitaka tangi lioshwe tena na lijazwe maji mpaka karibu na tundu, pasiwe na nafasi ya mvuke. Alikwangua mshono hadi ukang'aa, akatia risasi tone moja, akalisambaza. Kwa tundu la pini mahali pasipotikisika sana, hiyo ni dawa halali. Kama mshono mzima ungekuwa laini, ukibonyea kwa kidole gumba, dawa ingekuwa tangi jingine, na Bweni wangekata elfu ishirini ya chai. Tangi lilikaushwa tena, likapakwa oili ndani, likafungwa.

Jumamosi ya pili walivuka tena. Mzee alichukua tochi mwenyewe, akachungulia muda mrefu, akapitisha kidole kwenye tone la risasi, akauliza ni kazi ya nani. Alipoambiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akazipokea laki tatu na nusu zilizobaki bila kuzihesabu. Walifunga koki mpya, kabureta iliyosafishwa, na filta ya plastiki inayoonyesha ndani kati ya tangi na kabureta. Petroli ikajazwa hadi shingoni. Kiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tano ikawaka, na mzee akaondoka pale akaenda kusimama nyuma ya mwembe, akirekebisha kofia yake kwa muda kuliko ilivyohitaji.

Helmeti zilikuwa mbili, lakini mama alikuwa ameagiza: safari ya kwanza ya pikipiki isiyojulikana, mtoto atarudi kwa daladala. Binti alinung'unika mpaka kivukoni. Halafu akampa baba yake masharti yake mwenyewe: asimame Kigombe aangalie filta, na gari likipita amwonyeshe kwa vidole ni punje ngapi.

Daladala ilichelewa kuondoka Pangani. Ilipofika Kigombe, binti alimwona baba yake pembeni ya barabara, amechuchumaa ubavuni mwa Honda, akainuka kwenye kiti kwa hofu hadi konda akamkemea. Mwalimu aliisikia honi, akageuka, akainua mkono juu. Vidole vitatu.